KISICHOANDIKWA SI KISICHOKUWEPO
Mango, viowevu na gesi katika konstanti ya msawazo

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoingia katika darasa langu la kemia, huwauliza swali moja kabla hatujafungua kitabu: kwa nini hatuandiki mango katika konstanti ya msawazo? Jibu huja upesi, tena kwa sauti moja kama kiitikio: “Kwa sababu mango haziandikwi.” Nikiuliza tena kwa nini haziandikwi, darasa zima hunyamaza. Huwa mmoja tu, mwenye ujasiri kuliko wenzake, ndiye anayesema: “Ndivyo tulivyofundishwa, Mwalimu.”

Siwacheki hata kidogo, kwani nami niliwahi kujibu hivyo hivyo. Nilikuwa ughaibuni, nikitahiniwa kwa ajili ya shahada ya udaktari. Mmoja wa watahini, mzee mwenye sauti ya upole, alichukua kipande cha chaki ubaoni, akakivunja katikati, akaniuliza: “Ukolezi wa kipande hiki umepungua kwa nusu au haukupungua?” Nilikuwa nimekwisha kukokotoa mamia ya konstanti za msawazo, na nilijua kuacha mango nje ya hesabu bila kukosea. Lakini kwa swali hilo nilitokwa jasho. Nilikuwa ninaijua kanuni, sikuwa ninaijua sababu yake.

Katika makala haya nataka kudai kwamba kufundisha kanuni hii bila sababu yake si kosa dogo la darasani. Ni kosa linalotoka nje ya darasa na kuingia katika visima vya vijiji vyetu. Naomba msomaji anivumilie nianze na misingi, kisha nitamfikisha huko.

Nini maana ya msawazo

Mimenyuko mingi ya kikemia huenda na kurudi. Dutu za mwanzo hugeuka kuwa mazao, na mazao nayo hugeuka kuwa dutu za mwanzo. Hufika wakati kasi ya kwenda na kasi ya kurudi zikalingana. Kwa macho yetu hakuna kinachobadilika tena, ingawa ndani yake kazi inaendelea pande zote mbili. Hali hiyo ndiyo tunayoiita msawazo.

Mwaka 1864, Wanorwe wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, walitangaza sheria inayotawala hali hiyo. Kwa lugha ya leo twaweza kuieleza hivi: chukua ukolezi wa mazao, ugawe kwa ukolezi wa dutu za mwanzo, kila ukolezi ukiwa umepandishwa kipeo kinacholingana na namba yake katika mlinganyo. Utapata namba moja isiyobadilika, maadamu halijoto haibadiliki. Namba hiyo ndiyo konstanti ya msawazo.

Kwa gesi tunaandika kanieneo ya kila gesi. Kwa dutu zilizoyeyuka katika maji tunaandika ukolezi, yaani idadi ya moli katika lita moja. Lakini tukifika kwa mango safi na kwa kiowevu safi, twaambiwa tusiandike kitu. Hapa ndipo wengi wetu tulipokariri na kupita.

Tanuri la chokaa lina jibu

Watu wa pwani yetu wamechoma chokaa kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa, na nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo. Mafundi hupanga magogo kwa duara, huweka mawe juu yake, kisha huwasha moto. Jiwe, ambalo kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti, hupasuka kikemia na kutoa chokaa, yaani kalisi oksidi, pamoja na gesi ya kabonidioksidi:

CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂

Hapa pana mango mbili na gesi moja. Kwa kanuni tuliyokariri, mango zote mbili zinaachwa, na kinachobaki ni hiki tu:

K = kanieneo ya CO₂

Mlinganyo huu mfupi una maana kubwa. Unasema kwamba katika halijoto fulani, gesi iliyo katika tanuri lililofungwa itafikia kanieneo moja tu, uwe umeweka jiwe moja au shehena ya lori zima. Katika nyuzi 800 za Selsiasi kanieneo hiyo ni karibu robo ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Katika nyuzi 900 hivi inalingana nayo. Mfaransa Henri Debray alilionyesha jambo hili kwa majaribio mnamo mwaka 1867: kanieneo ilifuata halijoto, haikufuata wingi wa mawe.

Kwa nini iwe hivyo? Turudi kwenye chaki ya yule mtahini. Ukolezi ni wingi wa dutu katika ujazo fulani. Sentimita moja ya ujazo wa kalisi kaboneti ina uzito wa gramu 2.7 hivi, na moli moja yake ina gramu 100. Kwa hiyo “ukolezi” wa jiwe hilo ndani ya jiwe lenyewe ni moli 27 katika lita. Ukilivunja katikati, umepunguza wingi kwa nusu na umepunguza ujazo kwa nusu. Ukolezi umebaki ule ule. Chukua kokoto, chukua mwamba mzima, jibu ni 27. Maji safi nayo yana moli 55 hivi katika lita, yawe katika kikombe au katika pipa. Gesi haiko hivyo. Gesi yaweza kubanwa au kutawanyika, na ukolezi wake hupanda na kushuka. Ndivyo ilivyo pia kwa chumvi iliyoyeyuka katika maji.

Basi namba 27 haibadiliki, na kitu kisichobadilika hakina haja ya kuandikwa kila mara pamoja na vinavyobadilika. Kimekwisha kumezwa ndani ya konstanti yenyewe. Mmarekani Gilbert Lewis aliiweka hoja hii katika umbo safi zaidi mwaka 1907 alipoleta dhana ya utendaji wa dutu. Kwa mpango huo, kila dutu hupimwa kwa kulinganishwa na hali yake ya kawaida. Mango safi ikilinganishwa na mango hiyo hiyo ikiwa safi, jibu ni 1. Kuzidisha au kugawanya kwa 1 hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Mango haijafukuzwa katika hesabu: imo, na thamani yake ni 1.

Kwa anayependa kuona kwa macho ya akili, hebu afikirie uso wa jiwe. Gesi hutokea kwenye uso wa mango na hurudi kwenye uso huo huo. Ukiongeza mawe maradufu, umeongeza mahali pa kutokea maradufu, lakini umeongeza na mahali pa kurudia maradufu. Ni kama ukumbi ulioongezewa milango: watu wataingia na kutoka kwa haraka zaidi, lakini milango yenyewe haiamui wangapi watakaa ndani. Wingi wa mango hubadilisha muda wa kufikia msawazo. Mahali msawazo ulipo haupabadilishi.

Fundi wa chokaa anaijua sehemu ya somo hili bila kuandika mlinganyo. Huacha nafasi kati ya mawe ili hewa ipite, na hewa inayopita huchukua gesi kabla haijafikia kanieneo yake ya msawazo. Hivyo jiwe huendelea kupasuka hadi liishe. Akilirundika bila nafasi, gesi itajaa, naye atalazimika kuchoma kuni nyingi zaidi ili apandishe joto.

Mahali kanuni inapokoma

Anayejua sababu ya kanuni anajua pia mahali kanuni hiyo inapokoma. Aliyekariri hajui.

Kwanza, mango lazima iwepo. Kalisi kaboneti ikiisha yote tanurini, kanieneo ya gesi haiko tena chini ya amri ya konstanti hiyo. Haiandikwi, lakini isipokuwepo hapana msawazo. Mwanafunzi anayedhani kwamba kisichoandikwa hakipo amefahamu kinyume kabisa.

Pili, kiowevu lazima kiwe safi, au karibu na usafi. Katika mmumunyo hafifu wa chumvi, maji ni mengi mno kiasi kwamba twaweza kuyahesabu kama safi, na hatuyaandiki. Lakini tukichanganya alkoholi ya ethanoli na asidi ya siki ili kupata esta na maji, maji hayo ni mmoja tu wa viowevu vinne vilivyochanganyika. Ukolezi wake hubadilika, nasi hatuna budi kuyaandika. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni nafasi yake katika mchanganyiko. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo mwanafunzi aliyafuta maji katika swali hili kwa sababu tu “ni kiowevu.” Hali kadhalika, katika majimaji mazito ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, chumvi ni nyingi kiasi kwamba maji yenyewe hayawezi kuhesabiwa kuwa safi, na utendaji wake huwa chini ya 1. Mtu anayetaka kujua ni lini magadi yataanza kuganda huko lazima aliingize jambo hilo, maana fuwele za magadi zimebeba maji ndani yake.

Tatu, mango yenyewe lazima iwe safi. Mango iliyochanganyika ndani kwa ndani, kama vile aloi ya metali mbili, ina ukolezi unaobadilika, na 1 haiwezi kusimama mahali pake.

Kutoka tanurini hadi kisimani

Sasa nimfikishe msomaji mahali nilipoahidi.

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na kandokando yake, zikiwemo za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji ya visima na chemchemi yana floridi nyingi. Chanzo chake hasa ni miamba na majivu ya volkano. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yanaota, meno hutoka na madoa ya kahawia. Yakinywewa kwa miaka mingi yakiwa na floridi nyingi zaidi, mifupa hukakamaa na hata kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita. Viwango vya Tanzania viliwahi kuruhusu miligramu 4, si kwa kuwa kiasi hicho hakina madhara, bali kwa kuwa maji yenye floridi kidogo hayakupatikana kila mahali.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea kijiji kimoja ambako watu wenye nia njema walikuwa wamejenga tangi na kuweka ndani yake vipande vya mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Kalisi hushikana na floridi na kufanya kalisi floridi, mango isiyoyeyuka kwa urahisi, na jiwe lile lina kalisi tele. Maji yalipopimwa, floridi ilikuwa karibu pale pale. Basi wakaongeza mawe. Walipopima tena hali ilikuwa ile ile, na nilipofika walikuwa wakijadili kununua lori jingine. Wanakijiji walikuwa wamechanga fedha zao.

Hebu tuandike mlinganyo ambao kama ungeandikwa mapema ungeziokoa fedha hizo:

CaF₂ + CO₃²⁻ ⇌ CaCO₃ + 2F⁻

Kalisi floridi ni mango. Jiwe la chokaa ni mango. Zote mbili, kwa sababu tuliyoiona tanurini, zina thamani ya 1. Kinachobaki ni:

K = [F⁻]² ÷ [CO₃²⁻]

Thamani yake katika maji ya joto la kawaida ni 0.01 hivi. Tazama ni nini kilichobaki na ni nini kilichotoweka. Mawe hayamo. Lori la pili halimo. Kiasi cha juu cha floridi ambacho maji hayo yanaweza kubeba kinaamuliwa na kaboneti iliyoyeyuka ndani ya maji, basi. Kaboneti ikiwa mara nne, floridi inaweza kuwa mara mbili. Na maji ya Bonde la Ufa yamejaa kaboneti na bikaboneti za sodiamu, yaani magadi. Magadi huigandisha kalisi ya maji kuwa kaboneti, na kalisi ikishaondoka, floridi inabaki huru bila wa kuishika.

Mfano wa namba utasaidia. Maji yenye miligramu 40 za kalisi katika lita hayawezi kuendelea kubeba zaidi ya miligramu 3.5 hivi za floridi; ziada itaganda. Maji yenye miligramu 4 tu za kalisi yanaweza kubeba miligramu 11 hivi. Jiwe la chokaa likitumbukizwa katika maji ya magadi haliyeyuki kiasi cha kutosha kubadilisha hali hiyo, hata kama lingekuwa kubwa kama kilima.

Basi tufanyeje? Mlinganyo wenyewe unatuelekeza: tusiongeze wingi wa mango, tubadilishe aina yake. Jasi huyeyuka zaidi kuliko jiwe la chokaa, hivyo huingiza kalisi nyingi zaidi majini, ingawa huleta pia salfeti nyingi zinazoharibu maji ya kunywa. Njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa vema huwa na madini ya kalisi na fosfeti yanayokamata floridi vizuri kuliko jiwe la chokaa. Hapa msomaji makini ataona jambo: floridi inapoingia katika mkaa huo, mango si safi tena. Kadiri inavyojaa floridi, ndivyo nguvu yake ya kukamata inavyopungua, na hatimaye lazima mkaa ubadilishwe. Kwa hiyo wingi wa mkaa ni jambo la maana, ilhali wingi wa jiwe la chokaa haukuwa na maana. Aliyekariri kwamba “mango haziandikwi” atachanganyikiwa na tofauti hiyo. Anayeijua sababu hatatatizika.

Penye miti hapana wajenzi

Historia ya sayansi ina funzo linalotuhusu kwa karibu. Mwaka 1798 Mfaransa Claude Berthollet alifika Misri pamoja na jeshi la Napoleon, akayaona maziwa ya magadi yaliyo jangwani. Aliona kwamba chumvi ya kawaida na jiwe la chokaa vilikuwa vikizaa magadi kandokando ya maziwa hayo, mmenyuko unaokwenda kinyume na ule alioujua maabarani kwake. Kutokana na hayo alitambua kwamba mmenyuko unaweza kwenda na kurudi, na kwamba wingi wa dutu hushiriki kuamua mwelekeo wake. Sayansi ya msawazo ilipata moja ya mbegu zake katika ziwa la magadi la Afrika. Ilibaki kwa waliofuata kuuliza: wingi wa nini? Wa gesi na wa kilichoyeyuka, naam. Wa mango safi, la.

Nasi tunayo maziwa ya magadi. Tunazo tanuri za chokaa. Tunayo maji yanayotia meno madoa, na jikoni mwetu tunayo magadi ya kulainishia maharage na makande, ambayo mara nyingi yana floridi ndani yake. Hata hivyo mwanafunzi wetu hufundishwa msawazo kwa mfano wa viwanda vya amonia vya Ulaya, ambavyo hajaviona, na kanuni ya mango hupewa kwa mstari mmoja wa kukariri.

Sipendekezi mtaala mpya wala maabara ya gharama kubwa. Mwalimu na achukue chupa mbili za maji. Katika ya kwanza atie chumvi, akitikisa, hadi kijiko kimoja kibaki chini bila kuyeyuka. Katika ya pili atie hadi kikombe kizima kibaki. Siku ya pili achote maji maangavu ya ujazo ule ule kutoka kila chupa, ayakaushe motoni, kisha apime chumvi iliyobaki. Zitakuwa sawa, gramu 36 hivi kwa kila gramu 100 za maji. Baada ya hapo awaulize wanafunzi kwa nini, na asiwape jibu upesi.

Kwa watungaji wa mitihani nina ombi moja. Swali linalosema “andika konstanti ya msawazo ya mmenyuko huu” hupima kumbukumbu tu. Liongezwe swali la pili: “Mawe yakiongezwa maradufu, nini kitabadilika na nini hakitabadilika? Eleza sababu.” Alama nyingi zaidi zitolewe kwa hilo la pili.

Kuhusu kile kijiji, lori la pili halikununuliwa. Tulikaa chini ya mti na wazee wa kamati ya maji, nikachora uso wa jiwe kwa kijiti mavumbini, na floridi zinazokuja na kuondoka. Mzee mmoja alitazama kwa muda, akasema: “Kumbe jiwe ni kama mlango tu, Mwalimu. Kuongeza milango hakuzuii mvua.” Hakuwahi kusoma kemia. Lakini alikuwa ameuliza kwa nini, akaridhika alipoelewa, na siku ile alinishinda mimi wa miaka ile, niliyesimama mbele ya watahini nikitazama chaki iliyovunjika.